Kichupa Namba 0417

Mbumbuni, Makueni
2 Februari 2025

Dada yangu Ndila,

Salamu kutoka kwenye jua. Sisi ni wazima, kwa kiwango cha watu wanaokunywa maji ya chumvi na kuambiwa washukuru. Maembe yameisha na yaliyobaki yana funza. Ndengu tumevuna magunia manne. Mwanetu Kanyiva amerudi chuoni, mjini Wote. Yule mbuzi mweusi uliyemkimbia siku ya Krismasi amezaa mapacha, wote wawili wana tabia zake.

Jicho langu la kushoto unajua lilivyopotea. La kulia sasa mtoto wa jicho amelifunika. Naona mwanga wa mlangoni na umbo la mtu, herufi hapana. Jina langu liko kwenye orodha ya upasuaji, na sijakutana na mtu aliyewahi kuona mwisho wa orodha hiyo. Kwa hiyo mkono huu ni wa mke wangu. Mimi nasema, Wayua anaandika, na zako yeye ndiye atakayenisomea. Usiniambie habari ya simu. Simu ni ya Wayua, tena maneno ya simu hayana tarehe. Nimefundisha historia miaka ishirini na sita na siamini jambo lisilo na tarehe. Bulle atatubebea barua, maana akinunua mbuzi huku lazima apite kwenu Kabati.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili iliyopita kanisa letu lilichanga damu. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nesi alisema mimi ni kundi la AB, kwamba katika siku nzima huwapata wawili au watatu tu. Alipomaliza kujaza mfuko akajaza na kichupa kidogo. Nikamuuliza hicho ni cha nani. “Ni cha utafiti, mwalimu, kinaenda Kabati kwa mashine mpya.” Nilitia saini kwa sababu maabara ya Kabati ni wewe. Ila nilidai stika inayofanana na ile ya kwenye kichupa, nikampotezea nesi dakika kumi mpaka akanipa. Namba 0417. Wayua ameibandika ndani ya jalada la daftari langu. Mtu akichukua kitu changu nataka ushahidi.

Niambie, basi, mnafanya nini na damu yetu. Wanyonyaji hawabadiliki, hubadilisha sindano tu.

Kesho napanda Kikima kwa kamati ya maji na nitalala huko hadi Jumatano kama kawaida. Wale wa milimani wakiachwa bila kelele watafunga bomba lote.

Kaka yako,
Nthiwa

Mwandishi naye anakusalimu, wifi. Ameniambia niandike “wanyonyaji” mara tatu. Nimeandika mara moja, inatosha.


Kabati, Kitui
20 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa,

Nimefurahi kupata barua, na nimecheka kwa ajili ya mbuzi. Wifi, asante kwa mkono wako mzuri. Huku vumbi ni lile lile. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Mwenzangu wa maabara alihamishwa mwezi wa kumi na mbili na hakuna aliyeletwa, kwa hiyo nipo peke yangu tangu saa kumi na moja alfajiri.

Kwanza nikugombeze. Hukupaswa kuniambia namba yako. Vichupa huja kwangu na namba tu, orodha ya majina iko ofisi nyingine, na imewekwa huko makusudi. Sasa katika vichupa mia sita ninacho kimoja chenye uso. Nitajitahidi kukisahau.

Umeuliza tunafanya nini. Tunatafuta virusi vya Ukimwi. Vile vipimo vya haraka unavyovijua haviangalii kirusi, huangalia kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza ukishavamiwa. Askari hao huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Katika wiki hizo mtu hupimwa akaambiwa ni safi, naye si safi. Mashine hii inatafuta kirusi chenyewe.

Tunatumia vumbi la almasi, kaka. Ndiyo, almasi, chembe ndogo kuliko chochote utakachokiona hata macho yako yakipona. Kila chembe ina kasoro ndani: atomi moja ya kaboni haipo, na jirani yake ni ya naitrojeni. Ukiimulika kasoro hiyo kwa mwanga wa kijani, inang'aa nyekundu. Ukiipigia mawimbi kama ya oveni ya maikrowevu, mng'ao unafifia, ukiyakata, unarudi. Tunadondosha sampuli kwenye ukanda wa karatasi kama ule wa kupima mimba. Kama kirusi kimo, almasi zinakishika na kubaki kwenye mstari. Shida ni kwamba hata karatasi yenyewe hung'aa kidogo ikimulikwa, na mng'ao wake huficha ule mdogo tunaoutafuta. Lakini karatasi haitii amri. Almasi inakonyeza kwa mpigo tuliouchagua, na mashine inafuata mpigo huo tu. Hivyo huona kichache sana, mapema sana. Wenyewe huiita kihisi cha kwantamu. Mimi huiita bibi harusi, kwa sababu haitaki joto. Ikifika saa nne bati limepamba moto, mpigo unahama, na siandiki tena chochote inachosema.

Majibu yake hayatoki nje. Haijaidhinishwa bado, iko majaribioni. Mchangiaji hupewa majibu ya vipimo vya kawaida, basi. Nilitia saini mbele ya watu watatu, nikivunja hayo utafiti wote unatupwa na mimi naufuata.

Nimefika namba 0390. Nimechoka. Msalimie Kanyiva.

Dada yako,
Ndila


Kabati
27 Februari 2025

Kaka,

Natumai mko salama. Hapa salama.

Naandika upesi kwa kuwa Bulle anaondoka. Nimefikiri sana juu ya afya yako. Umri wetu huu unataka mtu apimwe kila mara: presha, sukari, na mengine yote. Nenda zahanati, usingoje mwisho wa mwezi. Waambie wakupime kila kitu, nasema kila kitu. Na Wayua pia. Au njoo Kabati, nitakutafutia mtu wa kuliangalia jicho, nawe tutaongea.

Tafadhali usibishe safari hii.

Ndila


Mbumbuni
9 Machi 2025

Dada yangu,

Tunakusalimu. Nilishikwa na homa katikati ya Februari, wiki nzima, koo likawa kama nimemeza moto na shingo ikavimba. Zahanati walinipa dawa za malaria bila kunipima, kama ilivyo desturi yao, nikapona, kama ilivyo desturi yangu. Mvua bado. Barua hii inakuja na dereva wa lori la Bulle. Bulle mwenyewe ameenda kwao Garissa kufunga Ramadhani na wazee wake. Kwako nimepata ile ya tarehe ishirini tu.

Nimesomewa mara mbili. Hiyo kazi ya almasi ni nzuri na sitaki kukuficha kwamba nimejivunia. Baba alikufa akiamini kwamba wewe huosha chupa. Lakini sikiliza ulichoandika mwenyewe, Ndila, ukisome kwa sauti kama ninavyosomewa mimi. Mmechukua damu ya mkulima wa Mbumbuni. Mmeiweka chini ya mwanga wa kijani. Mmejua jambo juu yake ambalo yeye halijui. Kisha mmeliandika kwenye kitabu, mkafunga kabati, mkaenda kunywa chai. Ugonjwa ni wake, jibu ni lenu. Nimewasoma wakoloni kwa miaka ishirini na sita na sijaona mahali walipokuwa na adabu kiasi hicho: wao walichukua bila karatasi. Ninyi mnachukua kwa karatasi, na karatasi hiyo inamlinda nani? Mkulima hawezi hata kuisoma, imeandikwa kwa herufi za mchwa.

Utaniambia mashine iko majaribioni. Vizuri. Na yule mtu, maisha yake nayo yako majaribioni?

Nijibu swali moja, bila maneno ya ofisini. Mashine ikisema ndiyo na vile vipimo vingine vikasema hapana, mnamfanya nini mwenye damu? Nataka jibu lenye tarehe.

Kaka yako,
Nthiwa

Wifi, homa ilikuwa mbaya kuliko anavyosema, alikuwa na vipele kifuani. Sasa amepona lakini amekonda. Habari njema ni kwamba ameacha kulala Kikima. Anasema kamati imeisha maneno. Yuko nyumbani kila siku ananisomesha magazeti kutoka kichwa hadi matangazo ya vifo.


Mbumbuni
6 Aprili 2025

Ndila,

Salamu. Mvua imenyesha siku tatu ikakatika, mahindi yamechungulia na kujuta.

Bulle amerudi baada ya Idd, na ile barua yako ya tarehe 27 Februari akaitoa kwenye mfuko wa koti lililokwenda Garissa na kurudi. Ameomba msamaha mpaka nikaona haya. Kwa hiyo najibu baada ya wiki tano, na jibu ni lile lile ambalo ningekupa siku ya kwanza.

Sijambo. Mtu aliyetoa damu Januari akapewa karatasi kwamba damu yake ni nzuri, apimwe nini tena Aprili? Karatasi ninayo, Wayua anaiona hapa. Umeanza kunihubiria kama wale wanawake wa zahanati wanaomuuliza mtu mzima maswali mbele ya foleni ya majirani. Kuja Kabati siwezi, kipofu wa nusu hasafiri siku nzima kwenda kuongea. Kama kuna la kuongea, andika.

Tena hujajibu swali langu.

Nthiwa

Hapo pa “mengine yote” alinisimamisha nisome tena. Kisha akasema tuendelee. Mimi nipo, wifi, nina kikohozi kidogo cha vumbi.


Kabati
20 Aprili 2025, Pasaka

Kaka yangu, na Wayua, wifi yangu,

Pasaka njema. Mmeona tarehe: niko kazini. Niliomba ruhusa ya siku nne nije Mbumbuni, nikaambiwa mashine haina mwingine wa kuiangalia. Niliimba wimbo mmoja peke yangu hapa kwenye kiti, nikawasha taa ya kijani.

Umetaka jibu bila maneno ya ofisini. Mashine ikisema ndiyo na vipimo vya kawaida vikasema hapana, mfuko wa damu wenye namba hiyo unatolewa kwenye jokofu na kumwagwa, asipewe mgonjwa yeyote. Hilo hufanyika siku hiyo hiyo. Kichupa kinapelekwa Nairobi kwa kipimo cha tatu. Mpaka Nairobi wajibu, mchangiaji haambiwi. Wanasema kumpa mtu habari ya mashine ambayo huenda imekosea ni kumtesa bure. Nairobi wana foleni. Kila Ijumaa naandika kuwauliza, na kila Jumatatu wananijibu kwamba wamepokea swali langu.

Jambo hilo limetokea mara moja hapa. Mfuko ulikuwa bado haujatumiwa mwezi mzima baada ya damu kuchangwa, kwa sababu ulikuwa wa AB, kundi ambalo wachache hulihitaji. Ulimwagwa. Siwezi kusema ulitoka wapi. Niliurudia ukanda ule mara nne, alfajiri nne tofauti, kabla ya joto, nikisali mashine iwe mbovu.

Wewe unasema tunafunga kabati na kwenda kunywa chai. Tangu siku hiyo chai hainishuki. Nikilala naona mstari ule unakonyeza.

Mtu huyo sasa, kama angekwenda zahanati yoyote, hata kile kipimo cha kawaida kingemwambia. Muda wa askari kujitokeza umeshapita. Na dawa zipo. Mtu anayeanza dawa leo anazeeka na kuzika wenzake. Na aliye karibu naye, kama hajaambukizwa, kuna vidonge vya kumkinga. Kila wiki ina maana. Nalisema hili kwa ujumla, kwa mtu yeyote anayesikia.

Wayua, unapofika hapa, nakuomba wewe uliyeshika karatasi. Nendeni kupimwa wawili. Kikohozi hicho nacho kisidharauliwe.

Ndila


Mbumbuni
4 Mei 2025

Ndila,

Hatujambo. Kanyiva amefanya vizuri mitihani. Mbuzi mmoja pacha amekufa.

Nimesomewa yako na sikulala mchana, kitu ambacho sasa ndiyo kazi yangu. Mmemwaga damu ya mtu. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono, akaona ametoa alichonacho kwa mgonjwa asiyemjua, nanyi mkaimwaga kwenye sinki kwa neno la kijiwe cha almasi. Haya, tuseme kijiwe kimesema kweli. Basi ndiyo vibaya zaidi. Mmeikinga hospitali, mmemkinga mgonjwa wa kesho, mmeukinga utafiti. Mwenyewe mmemwacha aendelee kuchunga mbuzi wake akijiona shujaa. Huyo mtu ana jina. Ana meza anayokulia. Ana mke, Ndila, na mke huyo hakutia saini popote. Mnasema hamtaki kumtesa bure. Nani aliwaambia kwamba kutojua hakutesi? Mngemuuliza. Ningekuwa mimi, ningetaka niambiwe kanisani mbele ya watu wote, kwa kipaza sauti, kuliko

Wifi, ameishia hapo. Aliniambia nirudi kwenye barua yako nisome tena ule mstari wa mfuko. Nimesoma mara tatu. Sasa ametoka nje, amekaa kwenye jiwe la kunolea panga. Natuma hivi hivi kwa kuwa Bulle anangoja.


Kabati
14 Mei 2025

Kaka,

Salamu nyingi. Huku mvua imekata mapema, ndengu zimekauka zikiwa na maua. Mgongo ni ule ule.

Jibu la Nairobi limefika jana. Mashine ilisema kweli. Ofisi yenye orodha itamtafuta mchangiaji kwa utaratibu wao.

Nimeandika barua hii mara tano. Nne nimezichana. Hii ndiyo iliyobaki.

Ndila


Mbumbuni
25 Mei 2025

Wifi Ndila,

Hujambo. Huku tu hai. Leo mwandishi anaandika ya kwake, na hakuna anayeniambia niseme nini. Nthiwa yuko ndani, anajua naandika.

Nianze na ile barua yako ya Pasaka. Ilifika Ijumaa tarehe ishirini na tano Aprili. Nilikuwa namsomea pale mlangoni kwenye mwanga, na nilipofika kwenye AB sauti yangu haikubadilika. Nilijishangaa. Nilisoma mpaka mwisho, mpaka uliponiita kwa jina, nikasema, “Dada yako anatupenda,” naye akasema, “Anatupenda kwa mafumbo.” Kisha nikaenda jikoni nikafungua daftari lake nikaiangalia ile stika. Niliibandika mwenyewe kwa gundi ya kiatu, kwa sababu alitaka idumu.

Siku hiyo nilihamishia kitanda changu chumba cha Kanyiva, nikamwambia ni kikohozi. Jumatatu nilipanda Kikima. Zahanati ya hapa siwezi, kila anayeshika daftari pale nimemfundisha shule ya Jumapili. Pia nilitaka kupaona Kikima. Kuna baridi, kuna parachichi, kuna wanawake wengi. Sikumtafuta yeyote. Nesi alinichoma kidole, nikangoja, akaniambia mimi ni safi mpaka leo, nirudi tena baada ya wiki tatu, na akanipa vile vidonge vya kujikinga ulivyovitaja kwa ujumla. Nikavificha kwenye kopo la majani ya chai. Kwa hiyo wiki tatu hizi mimi nilijua, wewe ulijua, na yeye alikuwa ameanza kujua, na sote tulikuwa tunaandikiana habari za ndengu.

Ile barua yake ya tarehe nne, iliyokatika katikati. Nilikwambia ametoka nje. Sikukwambia alichosema kabla ya kutoka. Alisema, “Andika: Ndila, ni mimi?” Halafu akasema, “Futa.” Sikufuta kitu, maana sikuwa nimeandika.

Nikangoja aniambie. Siku kumi na tatu nilimpikia na kungoja. Alizungumza juu ya serikali, juu ya bei za mbolea, juu ya wazungu, juu ya kanisa. Mtu huyu amegombana na kila mwenye cheo katika kaunti hii, akashindwa kunitamkia sentensi moja mimi mke wake.

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Bulle akaileta ile yako fupi. Nikakaa nikamsomea. Salamu, mvua, ndengu, mgongo. Nikafika “mashine ilisema kweli”. Nikaendelea kusoma kwa sauti ile ile: “Kaka, namba 0417 ni yako. Mwambie Wayua.”

Nje kuku walikuwa wanakwaruza. Akauliza, “Imeandikwa hapo?”

“Imeandikwa.”

“Ndila hawezi kuandika hivyo. Ni mwoga tangu akiwa darasa la pili.”

“Basi ni mimi nimesema.”

Akanyoosha mkono kuutafuta uso wangu, nikaurudisha magotini mwake. Akasema ilikuwa Januari. Akasema ni mara chache. Nikamwambia sitaki hesabu. Akaniuliza mimi nikoje, nikamwambia nimepimwa. Hapo ndipo alipolia, kwa jicho lililobaki na lile lililokufa.

Jumatatu tulipanda Kikima pamoja. Watu walitusalimu njiani, mwalimu na mkewe. Kipimo chake kilitoka na mistari miwili upesi, hata nesi hakuwa amemaliza kuandika jina. Ameanza dawa siku hiyo hiyo. Changu ni safi kwa mara ya pili. Nimeambiwa nitaendelea kupimwa na kumeza vidonge. Kitanda changu bado kiko kwa Kanyiva. Ni mimi nitakayesema kitakaa huko mpaka lini.

Ofisi yenu ya orodha ilipiga simu Alhamisi. Sauti ya msichana mwenye adabu sana. Aliomba kuongea na mchangiaji juu ya utafiti, akasema hawezi kuniambia mimi ni habari gani kwa sababu ni siri ya mhusika. Nikampa mhusika simu. Mhusika akamwambia amechelewa siku tano nyuma ya mke wake, na miezi mitatu nyuma ya almasi.

Sasa yangu kwako. Simu yangu unayo, Ndila. Ulinipigia siku mama yako alipofariki, ulinipigia kuniuliza jinsi ya kutengeneza achari. Tangu Februari hadi Mei hukunipigia. Najua ulitia saini mbele ya watu watatu. Najua wangekufukuza. Lakini wewe ulimkinga kaka yako asiaibike mbele yangu, ofisi ikakinga karatasi zake, Nairobi wakakinga foleni yao. Mimi nililala kitanda kimoja naye wiki nane baada ya wewe kuona ule mstari. Kama niko salama leo, hakuna hata mmoja wenu aliyefanya hivyo. Ni homa iliyomwondolea hamu, na kikohozi changu. Nakushukuru kwa ule mstari wa mwisho wa Pasaka. Nakuchukia kwa yale mengine. Yote mawili ni kweli, na sijui nitayabeba pamoja kwa muda gani. Nimechoka, wifi.

Ameniita mlangoni kunipa neno la kukuandikia. Nalinukuu bila kupunguza, tofauti na siku nyingine: “Mwambie mashine yake ni nzuri. Aongeze bidii, wapate nyingi, ziende kila zahanati. Na mwambie awashtaki waliotunga zile sheria, na akiogopa, nitaandika mimi.” Nikamuuliza ataandika kwa mkono wa nani.

Stika nimejaribu kuibandua kwenye daftari. Imekataa, imetoka na kipande cha jalada, namba ikabaki nzima. Nimeiacha.

Ukijibu, usiandike ya kaka yako huku ukiacha nafasi ili mimi nisione. Mimi ndiye ninayesoma.

Wayua